Tupeane uzoefu: pale njia ya baiskeli inapokatwa na mlango wa pakingi

Kanyagio_Kasarani

Wadau, karibuni. Kaunti ya Nairobi ina sera ya watembea kwa miguu na waendesha baiskeli tangu 2015, na njia zimeanza kuonekana hata katikati ya jiji, Kenyatta Avenue na Muindi Mbingu. Shida imebaki pale pale: njia inakuja vizuri, halafu inakatwa na mlango wa pakingi ya supamaketi, ya kanisa au ya ploti ya kupangisha, na hapo ndipo mtu anapogongwa. Wengi wakiambiwa warekebishe hukimbilia kusimika nguzo za chuma. Wanaozijua kazi hizi watuwekee vipimo: nafasi, vimo, msingi, na kinachoharibika baadaye.

Mchora_Barabara

Ndugu, swali la kwanza ambalo watu huliruka ni hili: nguzo inamzuia nani? Gari huenda likajaribu kuingia njiani mara moja kwa wiki, lakini baiskeli zitaipita nguzo hiyo kutwa kucha. Kila chuma kilichosimama katikati ya njia kinangoja goti la mtu. Kama magari hayaingii, usisimike kitu. Yakiingia, anza kwa kubana mdomo wa njia na kuinua kingo za pembeni. Nguzo ije mwisho.

Ikilazimu, acha mita 1.5 wazi, na upime kutoka ubavu wa nguzo hadi ubavu wa nyingine, si katikati hadi katikati. Gari dogo kama Probox lina upana wa karibu mita 1.7, halipiti. Baiskeli ya muuza maji yenye mitungi pande zote mbili inapita, kiti cha magurudumu pia. Ukibana hadi mita moja umembana muuza maji, na mwenye gari atapata upenyo kwingine. Mkokoteni mpana utakwama hata kwenye 1.5, kwa hiyo kama njia hiyo ndiyo ya mikokoteni kwenda sokoni, nguzo haifai kabisa.

Nguzo iwe moja au ziwe tatu. Zikiwa mbili, uwazi wa katikati huwavuta wanaokwenda na wanaorudi, wakakutana uso kwa uso. Tena zisikae ukingoni mwa lango. Zirudishe ndani ya njia mita 5 hadi 9, ili mtu amalize kuipita nguzo kwanza ndipo aanze kuangalia magari. Akili haiwezi kushughulikia vyote viwili kwa sekunde moja.

Bi_Gurudumu

Na boda je? Hao ndio wengi kuliko magari.

Mchora_Barabara

Dada, hakuna nafasi inayopitisha baiskeli na kuzuia boda. Usukani wa pikipiki ni sentimita 75 hadi 80, wa baiskeli ya milimani unafika 75 na zaidi. Vile vyuma vya kupishana vinavyokulazimisha kupinda mara mbili, boda anavipinda kwa mguu mmoja chini, huku mwenye baiskeli ya mzigo analazimika kushuka na kusukuma. Kwa boda, hamisha steji. Ikiwa wanangojea abiria mdomoni mwa njia, watapita njiani. Wape mahali pao upande wa pili wa lango, mita 15 au 20 kutoka kwenye njia, penye kivuli.

Fundi_Zege

Mimi niseme ya chini ya ardhi. Bomba la inchi 4, unene wa milimita 4, urefu mita 1.6: mita moja juu, sentimita 60 chini. Shimo sentimita 40 kwa 40, kina 70, kumi za chini ni kokoto. Kabla ya kusimamisha, chomelea vipande viwili vya nondo ya Y12 (milimita 12) kwa msalaba karibu na kitako cha bomba. Bila msalaba, mtu analizungusha usiku hadi linang'oka. Zege 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), na shimo moja hula takriban robo tatu ya mfuko wa kilo 50. Jaza zege hata ndani ya bomba. Bomba tupu hukunjwa na bampa la pikapu, halafu huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Biashara hiyo ilisimamishwa nchi nzima Januari 2022 baada ya milingoti ya umeme kuhujumiwa, kwa hiyo msidhani nguzo yenu ya pakingi itaonewa huruma. Mwagia maji siku saba, na pasigongwe na kitu.

Udongo nao utazame. Upande wa Karen na Westlands, udongo mwekundu, vipimo hivyo vinatosha. Embakasi na South C kuna ule mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka kiangazi. Nguzo iliyosimama wima Februari utaikuta imelala kama mlevi mwezi wa tano. Hapo chimba sentimita 90, ondoa huo mweusi pande zote, ushindilie hadikoo (mawe ya msingi) chini, na nguzo nayo iwe ndefu zaidi kwa sehemu ya kuzikwa.

Kabro_na_Kokoto

Nguzo hazipunguzi mwendo wa gari linalotoka. Kinachofanya kazi langoni ni tuta bapa, na watu hulijenga kinyume: wanaishusha njia ya baiskeli ifike chini kwa gari. Njia iende sawasawa bila kushuka. Gari ndilo lipande.

Kimo sentimita 10, mteremko wa kupandia mita 1, juu pawe bapa kwa upana wote wa njia. Mteremko mfupi kuliko huo unakwangua tumbo la gari, na mwenye pakingi ataubomoa mwenyewe. Kabro, yaani matofali ya zege ya kutandaza, ziwe za milimita 80. Za milimita 60 ni za miguu, zikikanyagwa na lori la mikate zinavunjika. Chini yake weka hadikoo iliyoshindiliwa sentimita 20, kisha vumbi la mawe sentimita 5.

Kosa kubwa ni kutofunga ukingo. Gari likifunga breki kwenye mteremko, tairi linasukuma kabro moja, hiyo inasukuma ya pili, na baada ya miezi michache safu nzima imeachana na nyasi zinaota katikati. Tairi jembamba la baiskeli linaingia humo na kushikwa. Funga kila upande kwa kingo la zege la sentimita 15 lililozama chini ya kabro, na panga matofali kwa mtindo wa mfupa wa samaki, usiyapange safu zilizonyooka.

Halafu maji. Tuta hukatiza mtaro wa barabara. Bomba la inchi 6 chini yake litazibwa na chupa za plastiki mvua za Machi zikianza, na maji yatapita juu yakiacha murram (udongo wa changarawe), na murram mbichi juu ya kabro inateleza mno. Weka bomba la milimita 300, au mtaro wenye vifuniko vya zege. Ukitumia wavu wa chuma, fito zake zikatize mwelekeo wa baiskeli. Zikilala sambamba na mwendo, gurudumu la mbele linazama na mtu anaruka juu ya usukani.

Bi_Gurudumu

Kwenye kuonana nina la kuongeza. Baiskeli ikienda kilomita 20 kwa saa, mtu hula mita 8 kabla hajakamata breki, na 6 nyingine hadi asimame. Blakimamba, ile baiskeli nzito ya kizamani, yenye breki za fito na rimu za chuma zilizolowa inahitaji mara mbili ya hizo 6. Kwa hiyo dereva anayetoka lazima aone mita 20 za njia kila upande. Macho yake yako karibu mita 2 nyuma ya bampa, maana yake boneti hufika njiani kabla yake.

Vinavyoziba ni vilevile kila mahali: ua wa kayaba, kibanda cha soja (mlinzi) kilichojengwa kwenye kona, na gari la kwanza lililoegeshwa karibu na lango. Kayaba ishuke chini ya sentimita 90. Kibanda kirudi ndani mita 3. Futa nafasi moja ya gari kila upande wa mlango, na pazibwe kabisa kwa jiwe au maua mafupi, kwa sababu rangi ya njano peke yake haimzuii mtu Jumapili asubuhi. Kioo cha kona kisaidie tu, hakiwezi kuchukua nafasi ya hayo. Kinafanya baiskeli ionekane mbali kuliko ilivyo.

Magari yanayoegeshwa yakiitazama njia, pua hutokeza sentimita 80 au zaidi kupita magurudumu. Weka vizuizi vya magurudumu vya zege, kimo sentimita 10, mita moja kutoka ukingo wa njia. Pale watu wanaposhusha baiskeli, kama Msitu wa Karura, ongeza zaidi, maana baiskeli iliyofungwa nyuma ya gari nayo inatokeza.

Taa_za_Jioni

Tafadhali, msifunge mnyororo kati ya nguzo. Giza huingia mapema hapa, karibu saa moja, na mnyororo hauonekani kabisa. Nguzo iwe na mikanda miwili ya kuakisi mwanga pande zote mbili, na mstari mweupe ardhini uanze mita 3 kabla yake, ukijigawa kuizunguka.

Fundi_Zege

Kweli. Na kwa nguzo ya kung'oa, ya kupitisha gari la zimamoto: ala yake ya chini (bomba inamochomekwa) itobolewe tundu la maji na ikae juu ya kokoto, la sivyo kutu itaishika isitoke siku inapohitajika. Kifuniko cha ala kilale sawa na ardhi. Zile za kulaza zinashika pedali zikilala, ziepukeni.

Kanyagio_Kasarani

Asanteni. Idhini tunaomba wapi?

Mchora_Barabara

Ndani ya ploti, mwenye ploti anatosha. Ukigusa hifadhi ya barabara, andikia KURA (mamlaka ya barabara za mijini), au KeNHA (mamlaka ya barabara kuu) kama ni barabara kuu, au kaunti kwa mitaa midogo, uambatanishe mchoro wenye vipimo. Wakati unangoja jibu, jaribu ndani ya lango: tairi kuukuu zilizojazwa udongo, zipangwe pale nguzo na kona zitakapokuwa, kwa wiki mbili, Jumapili zote mbili zikiwemo. Pitisha lori la takataka, kiti cha magurudumu na baiskeli yenye mitungi. Tairi linalosukumwa kila siku linakuonyesha mahali ambapo zege lisimwagwe.