Mpiga kura wa Pennsylvania hakutuchagulia sisi rais, tuache kununa

Wakuu habari za jioni. Naleta hii mada nikijua kabisa kuna watu watanitolea povu, ila acha niseme tu, maana tangu uchaguzi wa Marekani wa 5 Novemba 2024 uishe kila kijiwe ukikaa unasikia wimbo ule ule, oo Wamarekani wamepotea, oo wamemchagua Trump, mtu wa hovyo, oo dunia inaenda wapi. Swali langu ni moja tu: mtu wa Pennsylvania akiingia kwenye chumba cha kupigia kura anatakiwa amfikirie nani, wanae au sisi wa Mbagala?

Mi ni mhafidhina na sijifichi. Naamini serikali inamjibu kwanza aliyeipigia kura, wengine baadae. Na siasa za dunia, hizi za vita na misaada na mikataba, mzizi wake uko jikoni kwa yule mpiga kura, sio kwenye hotuba za Umoja wa Mataifa kule New York.

Nina shemeji yangu yuko huko huko Pennsylvania miaka mingi sasa, anaendesha malori, uraia kashachukua. 2020 alimpigia Biden. 2024 kageuka. Nikampigia simu nikamuuliza shem kulikoni, mbona umetugeuka? Akaniuliza hivi we ushawahi kununua trei ya mayai huku? Akaanza kunitajia bei moja moja, mayai, kodi ya nyumba, dizeli ambayo 2022 ilipita dola 5 kwa galoni na yeye lori ni lake, mafuta anajaza mwenyewe. Nusu saa nzima hajataja Ukraine wala Gaza wala Afrika. Na hiki sio kisa cha shemeji peke yake, Juni 2022 mfumuko wa bei kule ulifika asilimia 9.1, kitu hawakukiona kwa miaka 40. Mtu mzima hasahau hilo eti kwa sababu mgombea mmoja anaongea vizuri.

Matokeo mnayajua. Trump kura za wajumbe 312 (kila jimbo lina wajumbe wake, na hao ndo wanaochagua rais), Kamala Harris 226, na yale majimbo saba ya ushindani yote kabeba Trump. Kura za wananchi kama milioni 77 kwa 75. Starr County kule Texas mpakani na Mexico, karibu wakazi wote ni Walatino, ilikuwa haijachagua Republican, chama cha Trump, kwa zaidi ya miaka 100, safari hii ikageuka. Sasa wale waliokuwa wanatuambia ni wazungu wenye chuki tu wanamchagua huyu jamaa, hapo wana jibu gani?

Hapa kwenye kura za wajumbe nataka tukae kidogo maana ndo panapochekesha. Kila baada ya miaka minne mtu anakuja na hoja kwamba ule mfumo sio demokrasia, kwamba 2016 Hillary Clinton alipata kura karibu milioni 2.9 zaidi na akakosa urais, kwamba 2000 Bush alimshinda Gore kwa kura 537 za Florida. Kweli kabisa, yalitokea. Na wanaongeza kwamba Wyoming yenye watu laki tano na ushee ina wajumbe 3 wakati California yenye watu milioni 39 ina 54, yaani mtu wa Wyoming kura yake nzito karibu mara nne.

Haya rudi nyumbani. Sensa ya 2022 tulikuwa watu 61,741,120, Zanzibar ni 1,889,773. Bunge la Muungano lina majimbo ya uchaguzi 272, na Zanzibar ina 50. Piga hesabu mwenyewe, jimbo moja la Zanzibar linaangukia watu kama elfu 38, la bara kama laki mbili na elfu 70. Hiyo ni mara saba! Wyoming mtoto. Na mi ni mtu wa bara, mzaliwa wa Singida, sijawahi kukosa usingizi kwa ajili hiyo kwa sababu najua mdogo haingii kwenye muungano na mkubwa mpaka ahakikishiwe hamezwi. Ndo makubaliano. Wakenya nao katiba yao ya 2010 inasema rais apate zaidi ya nusu ya kura zote NA apate angalau robo ya kura kwenye kaunti 24 kati ya 47, maana yake ukijaziwa kura kwenu na kwa majirani zenu tu haitoshi, lazima utembee nchi. Marekani ni hivyo hivyo, ni muungano wa majimbo, wale walioandika katiba yao 1787 hawakuwa wajinga. Tukifanya sisi ni busara ya waasisi, wakifanya wao ni wizi? (Halafu najua kuna mtu atakuja na ule utani wetu wa "wajumbe sio watu", namsubiri.)

Tuje kwenye misaada ambako ndo povu lote liko. 20 Januari 2025 Trump kaapa, siku hiyo hiyo akasaini amri ya kusimamisha misaada ya nje siku 90 ipitiwe upya. Mwezi wa tatu waziri wake Rubio akatangaza asilimia 83 ya miradi ya USAID, shirika lao la misaada, imefutwa, na ilipofika 1 Julai shirika lenyewe likawa limekufa, kilichobaki kikahamishiwa wizara ya mambo ya nje. Huku kwetu ikawa msiba. Na mi nikawa najiuliza, huyu bwana aliahidi Marekani kwanza tangu 2016, kaipigia kampeni mara tatu, sisi tulidhani anatania?

Abuja, Aprili 2001, wakuu wa nchi za Afrika walikaa wakakubaliana kila nchi itenge asilimia 15 ya bajeti yake kwenye afya. Wamarekani hawakuwalazimisha, waliandika wenyewe. Miaka 24 baadae nchi zilizofikisha hiyo 15 mwaka hadi mwaka ni za kutafuta kwa tochi. Kwahiyo mkulima wa Iowa ndo anatakiwa kuwa mwaminifu kwa ahadi tuliyoiweka sisi? Mi hapo ndo nakasirika, na hasira yangu haiendi Washington.

Kingine tusidanganyane. Sisi huku kwa maadili ni wahafidhina kuliko hata hao Warepublican. Julai 2015 Obama alikuja Nairobi akaongelea haki za mashoga pale mbele ya waandishi, Rais Uhuru Kenyatta akamjibu kistaarabu kwamba kwa Wakenya hilo sio suala, na Afrika Mashariki nzima ilipiga makofi, nakumbuka mpaka kwenye daladala watu wanamsifia. 2023 Uganda ikapitisha ile sheria yake ya kupinga ushoga, Benki ya Dunia ikasimamisha mikopo mipya na Biden akaitoa Uganda kwenye AGOA, ule mpango wa kuuza bidhaa Marekani bila ushuru. Tukalalamika wanatuingilia. Sasa kaja anayesema sitawaingilia, ila na hela sitawapa, bado tunalalamika. Chagueni basi moja.

Naomba hoja, matusi wekeni pembeni.

— — —

Wajumbe sio watu 😂😂 nimekuwa wa kwanza

— — —

Mleta mada hiyo hesabu ya Zanzibar umenikamata, sikuwahi kuipiga, ila umeruka jambo moja makusudi kabisa. Unasema mhafidhina ni mtu wa kulinda taratibu na makubaliano ya waasisi. Sawa. 2020 Trump alishindwa, wajumbe 306 kwa 232, akaenda mahakamani na wenzake kesi zaidi ya 60, zikagonga mwamba karibu zote, nyingine mbele ya majaji aliowateua mwenyewe. Akakataa. 6 Januari 2021 wafuasi wake wakavamia Bunge siku ya kuhesabu hao hao wajumbe unaowasifia, na aliporudi 2025 akawasamehe watu kama 1,500. Huo uhafidhina uko wapi hapo? Mhafidhina wa kweli ni Pence, makamu wake wa rais, aliyekaa pale usiku ule akamaliza kuhesabu kura zilizomng'oa yeye na bosi wake, na mchana wake nje watu walishamtengenezea kitanzi. Huku kwetu tunajua mtu akishindwa uchaguzi na hataki kutoka tunamuitaje, sa kwanini yeye apewe jina zuri?

— — —

Mi nitaongea kidogo tu maana nina zamu. Nafanya kazi kwenye kliniki ya CTC (ya wanaoishi na VVU) mkoani, sitataja wapi. Mwezi wa pili 2025 wenzetu waliokuwa wanalipwa na mradi waliambiwa wasije kesho. Sio mwezi ujao, kesho. Hao ndo walikuwa wanafuatilia wagonjwa walioacha dawa, wanaenda mpaka nyumbani. Dawa zenyewe hazikuisha, Mungu mkubwa, ila mgonjwa akipotea hakuna wa kumtafuta. Kaka yangu mleta mada, Abuja naikubali, serikali zetu zilitakiwa kujipanga zamani na hili kazini tunaliongea kila siku. Lakini PEPFAR, huo mfuko wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, unajua aliianzisha nani? George Bush, 2003, Republican tena mlokole, dola bilioni 15 kwa miaka mitano, na Tanzania na Kenya na Uganda na Rwanda tulikuwemo kwenye nchi za mwanzo. Wanasema imeokoa watu kama milioni 25. Na misaada yao yote ya nje ilikuwa kama asilimia 1 ya bajeti ya Marekani. Kwahiyo usituambie kukata ndo uhafidhina, mhafidhina mwenzako ndo alitoa, na alisema ni imani yake inamtuma. Hata ukitaka kuacha kumsaidia mtu unamwambia mapema ajipange, humtoi dripu usiku.

— — —

Binafsi naunga mkono mleta mada asilimia mia. Muda wa kulishwa umeisha, tufunge mkanda. Ila hilo la "sitawaingilia" mkuu umepotoka, mtu ambaye hataki kuingilia anatafuta nini kwenye madini ya Congo? 27 Juni 2025 kawakutanisha mawaziri wa Congo na Rwanda Washington wakasaini amani na ndani yake kuna ushirikiano wa madini. Waasi wa M23 nao Goma walikuwa wameshaishika tangu Januari hiyo, na hapo mezani hawakuwepo. Siwalaumu, biashara ni biashara, ila tusiite hiyo kujikalia kwao.

— — —

Nimerudi wakuu, umeme ulikatika. Najibu kwa haraka.

Wa 6 Januari: umenipiga na sina pa kukimbilia. Nakubali, ile siku ilikuwa aibu na Pence ndo alikuwa mhafidhina mle ndani. Lakini angalia pia kilichofuata, Pence aliposimama kugombea 2023 hata raundi ya kwanza hakufika, alijitoa mwezi wa kumi. Watu wake mwenyewe walimkataa. Hapo ndo ninapotaka kusema mpiga kura wa kule alishachoka na kitu kikubwa zaidi, kachoka na ule uhafidhina wa akina Bush wa kupeleka jeshi kila mahali. Iraq 2003, silaha za maangamizi hazikuonekana. Afghanistan miaka 20, Taliban walewale wakarudi Agosti 2021 na wanajeshi 13 wa Kimarekani wakafa getini pale uwanja wa ndege wa Kabul. Kwenye hizo vita walikufa pia watoto wa vimji vidogo vinavyopigia Republican. Sisi pia tulilipa ugomvi wa wakubwa, 7 Agosti 1998 mabomu ya balozi za Marekani Nairobi na Dar yaliua watu 224, Wamarekani walikuwa 12 tu. Kwahiyo mtu akisema tupunguze kujitia polisi wa dunia mi namsikiliza hata kama tabia zake sizipendi.

Wa Congo: kweli. Neno "kutoingilia" nalifuta, niweke "anakwambia bei mapema". Bush alikuja na Biblia na demokrasia na mafuta vyote kwenye mfuko mmoja, huyu kaja na mafuta tu, yaani madini. Mi naona hilo ni rahisi zaidi kujadiliana nalo kama una viongozi wanaojua hesabu. Kama huna, hilo ni tatizo jingine.

Dada wa CTC, wewe ndo umenitoa kwenye mstari. Nimesoma mara mbili. Hiyo ya kumtoa mtu dripu usiku siwezi kuitetea na sitaitetea, kama aliahidi siku 90 za kupitia miradi basi angepitia kwanza ndo afunge, huo ndo utaratibu. Nilichosema kuhusu Abuja nakiacha palepale. Ila niulize kitu maana wewe uko ndani: hao wenzenu wa kufuatilia wagonjwa majumbani, halmashauri yenu imeshawachukua hata wachache, au mpaka leo hiyo kazi mnaifanya nyie nyie baada ya zamu?

— — —

Wawili kati ya tisa. Wengine tunagawana na mwenzangu Jumamosi, nauli tunajitolea.