Tupeane uzoefu: kibodi ndogo za gemu zisizo na waya, ipi inabebeka na ipi inastahili bei yake?

Mwanzisha uzi

Wakuu habari zenu. Uzi huu ni wa kibodi ndogo zisizo na waya: 60%, 65%, 75% (yaani ukubwa ukilinganisha na kibodi kamili), na TKL kwa wanaoona bado inabebeka. Anayechangia ataje modeli, inaunganishwaje, nini huharibika na kwa nini. Tuelezane yale ambayo muuzaji haandiki kwenye tangazo.

Naanza na vipimo, maana wengi hununua kwa picha. Kibodi kamili ina vitufe 104 na urefu wa sentimita 44 hivi. TKL imeondolewa safu ya namba za kulia, inabaki na vitufe 87 na sentimita 36 au zaidi kidogo. Ya 65% ina vitufe 67 au 68 na sentimita 31 hivi. Ya 60% ina vitufe 61 na sentimita 29. Begi la laptopu ya inchi 15 linaipokea TKL kwa kubana, kona zinasukuma zipu. Za 60 na 65 zinalala ndani bila shida.

Unene nao uhesabiwe. Logitech G915 TKL ni ndefu, milimita 368, na ina gramu 810, lakini unene wake ni milimita 22 tu, kwa hiyo inateleza juu ya laptopu kwenye begi. Kibodi ya swichi za kawaida hufika milimita 40 upande wa nyuma, na hiyo ndiyo inayovimbisha begi. Pima begi lako kwanza, ndipo uangalie bei.

Karibuni.

Mshale

Mkuu vipimo uko sawa, ila kabla ya begi mtu ajiulize anacheza gemu gani. Huku kwetu wengi wanacheza mpira kwa kibodi, na kwenye gemu za mpira mchezaji anakimbizwa kwa mishale, mkono wa kushoto unapiga pasi na mashuti. Kibodi ya 60% haina mishale. Ipo chini ya Fn, kitufe kinachovipa vitufe vingine kazi ya pili, yaani ushikilie Fn, mshale, kitufe cha kukimbia na cha pasi kwa pamoja. Vidole havitoshi.

Unaweza kuingia kwenye mipangilio ya gemu ukahamishia mwendo kwenye herufi W, A, S, D (WASD) na vitendo kwenye IJKL. Inafanya kazi, lakini ukikaa kwenye kompyuta ya mwenzako unaanza kupanga upya. Kwa wa mpira, 65% ndiyo mwisho wa kupunguza.

Kwa wanaocheza Counter-Strike, jueni kwamba kwenye 60% nyingi kile kitufe cha kufungulia konsoli, dirisha la kuandikia amri ndani ya gemu, kimekaa pamoja na Esc, unakipata kwa Fn. F1 hadi F12 vivyo hivyo.

redio24

Nigusie muunganisho, hapa ndipo watu wanapoteza hela.

Maneno "haina waya" yanabeba vitu viwili tofauti. Kuna risiva ya USB ya 2.4 GHz, kile kidude kidogo unachochomeka kwenye kompyuta, ambayo kwenye kibodi za gemu huripoti mara 1000 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 1. Halafu kuna Bluetooth. Kwenye Bluetooth LE (ile inayotumia umeme kidogo) ya kibodi hizi muda mfupi kabisa kati ya mawasiliano mawili ni milisekunde 7.5, na kibodi nyingi ziko juu ya hapo. Mfano mzuri ni Keychron Q1 Pro. Mwili wa alumini, imetengenezwa vizuri kweli, lakini kwa Bluetooth inaripoti mara 90 kwa sekunde, sawa na milisekunde 11, na haina risiva ya 2.4. Juu ya hayo uzito wake unazidi kilo 1.5. Kwa kuandika mezani ni kibodi bora. Kwa kubeba kwenda kushindana haifai, na bei yake isikudanganye.

Zenye risiva kwa wanaotafuta: Razer BlackWidow V3 Mini HyperSpeed (65%), ASUS ROG Falchion (65%), Corsair K70 Pro Mini Wireless (60%), SteelSeries Apex Pro Mini Wireless (60%), Logitech G Pro X 60 (60%). Zote zina Bluetooth pia, isipokuwa Falchion ile ya kwanza ambayo ni risiva na waya tu.

Sasa tatizo linaloletwa mafundi kila siku: herufi inajirudia, au umeachia W lakini mchezaji anaendelea kutembea. Mara nyingi kibodi ni nzima. Ujumbe wa "kitufe kimeachiwa" umepotea njiani. Tundu za USB 3 na kebo za diski za nje hutoa kelele za redio zinazoangukia humo humo kwenye 2.4 GHz; Intel walitoa waraka juu ya jambo hili mwaka 2012. Ukichomeka risiva nyuma ya kompyuta, jirani na diski ya nje, unaifunga masikio.

Cha kufanya: chukua kebo fupi ya kurefushia USB, leta risiva juu ya meza, sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye kibodi. Ukiwa na tundu la USB 2, tumia hilo. Diski ya nje isogezwe upande wa pili. Wi-Fi ya laptopu ihamishie kwenye 5 GHz. Ikigoma baada ya hayo yote, ndipo umshuku muuzaji.

Dada Swichi

@redio24 umemaliza, naongezea dogo. Razer wana mfumo wa risiva moja kwa kibodi na mausi pamoja, BlackWidow V3 Mini ni kati ya za kwanza kuwa nao. Logitech nao wanao kwenye vifaa vyao vya PRO. Kwa laptopu yenye matundu mawili ya USB hiyo ni faida kubwa. Falchion ina kijumba cha kuhifadhia risiva nyuma ya kibodi. Risiva ikipotea, kibodi ya laki kadhaa inabaki kuwa ya waya tu hadi upate nyingine inayokubali kuunganishwa upya.

Kijana wa konsoli

Naomba kuuliza, hizi zinakubali PS5 na Xbox? Na simu je?

redio24

PS5 inapokea kibodi kwa USB na kwa Bluetooth, ila gemu yenyewe iwe inaruhusu, kama Fortnite na Call of Duty. Xbox haipokei kibodi ya Bluetooth kabisa. Tumia waya, ndiyo njia ya uhakika. Simu ya Android inapokea kwa Bluetooth bila shida kwa kuandika. PUBG Mobile ni habari nyingine: programu za kugeuza vitufe kuwa miguso ya skrini zinaweza kukufungisha akaunti. Usihatarishe.

Sumaku

Tuongee swichi, maana ndiko bei inakopanda.

Swichi ya kawaida ina vipande viwili vya chuma vinavyogusana. Vikichoka au vikiingia vumbi, kitufe kinaandika mara mbili. Swichi ya sumaku haina mgusano huo: kuna sumaku kwenye shina la kitufe na kihisi chini kinachosoma kimeshuka kiasi gani. Ndiyo maana unaweza kuchagua kina cha kubonyeza. Apex Pro Mini Wireless ya 2022 inaruhusu kutoka milimita 0.2 hadi 3.8, na ina gramu 543 tu. Ilitoka kwa dola 240 hivi.

Mipangilio inayoleta matokeo: WASD kati ya 0.4 na 1.0. Vitufe vya jirani visivyotakiwa kuguswa kwa bahati mbaya, hasa G ya kutupa silaha, R na Q, weka 1.8 hadi 2.0. Kitufe cha spesi 1.5, kwa sababu kidole gumba kinalala juu yake muda wote. Watu wanaweka 0.2 kibodi nzima halafu wanalalamika inajiandika. Uzito wa kidole kilichopumzika unatosha kushusha kitufe kiasi hicho.

Kingine ni Rapid Trigger: kitufe kinahesabiwa kimeachiwa mara tu kinapoanza kupanda, bila kusubiri kifike mahali maalumu. Kwenye Counter-Strike na Valorant, ambako lazima usimame ndipo risasi iende sawa, hii inaonekana waziwazi. Kwenye mpira au gemu za magari huioni, na hela hiyo ingenunua pedi nzuri.

Tahadhari moja kubwa. Usichanganye Rapid Trigger na Snap Tap. Snap Tap, ambayo Razer waliileta Julai 2024 na wengine wakafuata kwa majina yao, inaamua yenyewe kati ya A na D unapovishika vyote. Agosti 2024 Valve, wenye Counter-Strike, waliipiga marufuku kwenye CS2 (Counter-Strike 2), na seva zao zinakutoa mechini ukigundulika. Izime kabla ya kufungua gemu. Rapid Trigger haimo kwenye katazo hilo.

Na usiegeshe simu yenye kava la sumaku juu au kando kabisa ya kibodi hizi. Kihisi kinasoma sumaku yoyote.

Fundi Betri

Namba za betri zisomwe pamoja na taa. Corsair K70 Pro Mini Wireless ni saa 32 taa zikiwaka na saa 200 zikizimwa. Kibodi ni ile ile, betri ni ile ile. G Pro X 60 wameandika saa 65, G915 TKL saa 40 taa zikiwa kali, Apex Pro Mini Wireless saa 30 kwa risiva, maana vihisi vya sumaku navyo vinakula umeme. ROG Falchion inafika mamia ya saa, lakini taa zimezimwa. Ukisafiri, punguza mwanga hadi robo, chagua rangi moja badala ya nyeupe (nyeupe huwasha taa tatu kwa pamoja), na weka izime baada ya dakika 3.

Kuchaji. Kibodi nyingi za bei nafuu zenye tundu la USB-C hazichaji kwa kebo ya C kwa C. Mtu anadhani imekufa. Sababu ni kwamba mtengenezaji ameacha vipinga viwili vya kilo-omu 5.1 vinavyoiambia chaja itoe umeme. Chaja ya kisasa isipoviona haitoi kitu. Tumia kebo ya A kwa C kwenye chaja ya kawaida ya volti 5, itachaji. Tena angalia tundu lenyewe kabla ya kununua: G915 TKL ya 2020 bado ni micro-USB, kwa hiyo unabeba kebo ya ziada. Toleo la G915 X ndilo lenye USB-C.

Betri ikivimba utaijua mapema: weka kibodi juu ya kioo au meza iliyonyooka, ikiyumba katikati na zamani haikuyumba, acha kuchaji na uifungue. Betri ya kubadilishia iwe ya volti 3.7 na isizidi vipimo vya ile ya zamani, hasa unene. Kabla ya kuchomeka pima kwa mita upande wa chanya na hasi. Rangi za waya na mpangilio wa plagi havifanani kati ya watengenezaji, ukigeuza unaunguza saketi.

Ndege: mAh 4000 kwa volti 3.7 ni Wh 14.8, chini sana ya kikomo cha Wh 100. Hata hivyo beba kwenye begi la mkononi, na swichi ya nyuma iwe imezimwa, isijiwashe kwa kubonyezwa na vitu vingine.

Mtu wa LAN

Wote mmeongea kweli, lakini kwangu kibodi ya kubeba inapimwa kwenye kompyuta isiyo yako. Ukifika kwenye kituo cha gemu au mashindanoni, hukuti programu za kupangia kibodi kama G HUB, Synapse, iCUE wala Armoury Crate, na huna ruhusa ya kuziweka. Kibodi isiyo na kumbukumbu yake ya ndani inarudi kwenye mipangilio ya kiwandani hapo hapo.

Fanya hivi nyumbani: fungua programu, panga vitufe na kina, kisha tafuta sehemu ya kuhifadhi kwenye kibodi yenyewe. Kuweka mpangilio kwenye programu pekee hakutoshi. Halafu funga programu kabisa, chomoa, chomeka kwenye kompyuta nyingine, jaribu kila kitufe ulichobadilisha. Kilichogoma hapo ndicho hakikuhifadhiwa. Mara nyingi ni makro ndefu (mfululizo wa vitufe uliorekodiwa kwenye kitufe kimoja) na taa zinazofuata gemu. Hizo zinategemea programu iwe inafanya kazi.

Beba pia kebo ya data. Kwenye ukumbi wenye risiva nyingi, waya ndio utulivu. Kuna kebo za kuchajia tu zisizopitisha data, na ukizitumia kibodi itachaji lakini kompyuta haitaiona.

Dada Swichi

Kwa walio Dar, Tanga, Mombasa na Unguja: hewa ya chumvi inakula vishikio vya swichi za kuchomoa. Usiiache mezani dirisha wazi usiku. Ukichomoa swichi, vuta wima kwa koleo lake, na unaporudisha hakikisha pini mbili zimenyooka kabla ya kusukuma. Pini iliyojikunja chini ya swichi ndiyo chanzo cha "kitufe kimekufa" kwa wengi waliobadilisha wenyewe. Swichi zenye miguu mitano haziingii kwenye matundu ya mitatu mpaka ukate viguu viwili vya plastiki. Na swichi za sumaku kwa kawaida haziingiliani na za kawaida hata zikilingana umbo.

Vifuniko vya vitufe: plastiki ya PBT haing'ai haraka kama ya ABS. G915 ya zamani ina vishikizo vyembamba vinavyovunjika ukivuta kwa kucha, na mbadala wake ni mgumu kupatikana, kwa hiyo usiivue kila wiki kwa kusafisha. Brashi laini na hewa ya kupuliza vinatosha.

Mgeni wa jiji

Asanteni. Bajeti yangu ni ndogo, chini ya dola 60, nacheza mpira na CS kidogo. Nichukue ipi?

Mshale

Tafuta Royal Kludge RK68, ina mishale. Hakikisha ni toleo lenye risiva ya 2.4, maana majina yanafanana na matoleo ni mengi. Lipo lenye Bluetooth tu. Mwambie muuzaji afungue boksi uione risiva kwa macho, kisha mjaribu kwa risiva hiyo dukani, mkibonyeza W, Shift na spesi kwa pamoja. Spesi ikipiga kelele ya kugongagonga, tone dogo la grisi ya dielektriki kwenye waya wa stebilaiza, kile kinachosawazisha vitufe virefu, linaituliza.