Nilipangeje juma langu kabla ya mbio za farasi za Jumamosi?

Mkaazi wa Chumbageni

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Ninaandika kutoka Tanga, mji ambao kijiwe chochote utakachokaa utasikia habari za Coastal Union na African Sports, lakini mtu wa kuzungumza naye juu ya mbio za farasi ni wa kumtafuta kwa tochi. Sisi wa huku tumebaki kuzifuata kwa simu mbio za Ngong kule Nairobi, za Afrika Kusini na za Uingereza. Ninazipenda mno. Hakuna mchezo unaonisisimua kama kumwona mnyama wa karibu kilo 500 akiongeza mwendo katika mita 400 za mwisho, huku waliomtangulia wakianza kuishiwa nguvu.

Juma zima huwa ninasoma matokeo ya nyuma, umbali, uzito, mpanda, mkufunzi na hali ya nyasi, na ifikapo Jumamosi asubuhi ninakuwa na maoni juu ya kila farasi katika kila mbio, ila sijui maoni yapi niyape uzito na yapi niyaache. Je, wenzangu mnaanza na nini na mnamalizia na nini? La pili ni kwamba jamaa zangu wanaobeti mpira wananishauri niunganishe washindi wanne au watano katika mkeka mmoja, yaani dau moja linalolipa wote wakishinda, kwa kuwa dau dogo huweza kuleta fedha nyingi. Je, ushauri huo unafaa katika farasi? Fedha ninayoitenga ni kidogo, nikiikosa nyumba hailali njaa, na ningependa inifikishe mwisho wa msimu.

Mzee wa Dunda

Waaleikum salaam, mwanangu. Mimi niko Bagamoyo, na mbio hizi nilizianza ujanani nilipokuwa nikiishi Nairobi. Nitakujibu swali la kwanza. La mkeka ninawaachia wenye hesabu zao.

Iache ratiba ya mbio zenyewe ikupangie juma. Kwa mbio za tambarare za Uingereza, zile zisizo na vizuizi vya kuruka, orodha ya awali ya farasi wa Jumamosi hutoka mapema katika juma, lakini humo mna majina mengi ambayo hayatakimbia, kwa sababu mkufunzi anaweza kumwandikisha farasi mmoja katika mbio kadhaa ili achague baadaye. Orodha ya mwisho hufungwa Alhamisi saa nne asubuhi kwa saa zao, yaani saa sita mchana kwetu wakati wa kiangazi chao na saa saba mchana wakati wa baridi yao. Anayechambua farasi mmoja mmoja tangu Jumatatu anajichosha kwa ajili ya farasi watakaobaki bandani. Siku hizo za mwanzo zitumie kutazama picha za mbio zilizopita, maana namba za matokeo hazikuambii kwamba farasi aliyemaliza wa sita alizibiwa njia na akapita pembeni wakati mbio zimekwisha kuamuliwa. Uchambuzi wenyewe uanze Alhamisi mchana.

Unapoanza, tazama kwanza ni mbio za aina gani. Nyingi unazoziona Jumamosi ni zile za kusawazisha kwa uzito, na hapo ndipo ninapowaona vijana wengi wakipotea. Katika mbio hizo kila farasi hupewa alama kulingana na uwezo aliokwisha kuuonyesha, na kwa Uingereza alama moja ni sawa na ratili moja, chini kidogo ya nusu kilo. Farasi mwenye alama 90 atabeba ratili 10 zaidi ya mwenye alama 80. Uzito huo unamhusu mpanda pamoja na tandiko lake, na ukipungua huongezwa vipande vya risasi. Nia ya wanaotoa alama ni kwamba wote wakaribiane mwishoni. Basi ukijiuliza nani bora kuliko wote, umeuliza swali ambalo uzito umekwisha kulijibu. Jiulize nani leo ni bora kuliko alama zake. Mimi humtafuta farasi ambaye alama zake zimeshushwa baada ya kukimbizwa umbali usiomfaa au katika ardhi isiyomfaa, na sasa mkufunzi wake amemrudisha mahali anapopaweza. Hutazama pia wapanda wanafunzi, ambao hupunguziwa ratili 7, 5 au 3 kadiri ushindi wao unavyoongezeka. Mwanafunzi hodari ambaye bado ana punguzo kubwa ni faida ambayo watu wengi huipita bila kuiona.

Ardhi uitazame mwisho, Jumamosi yenyewe asubuhi, kwa kuwa mvua ya usiku mmoja huweza kuifanya nyasi ngumu kuwa laini, na farasi aliyekuwa tishio Alhamisi akawa hana lake. Namba ya kizimba cha kuanzia ina maana katika viwanja vyenye kona kali, kama Chester, ambako mzunguko mzima ni maili moja na kidogo na farasi wa upande wa ndani huokoa hatua nyingi. Katika njia iliyonyooka na ndefu usiihangaikie sana.

Lakini jambo ninalotaka ulishike kuliko yote ni mwendo wa mwanzo. Chukua Kentucky Derby ya mwaka 2022, pale kiwanja cha Churchill Downs, Marekani. Walikimbia farasi 20 katika umbali wa takribani mita 2,000, na robo maili ya kwanza ilikimbiwa kwa sekunde 21.78, kasi ambayo haijapata kuonekana mwanzoni mwa mbio hizo. Nusu maili ikapita kwa sekunde 45.36. Hakuna farasi anayeweza kuanza hivyo akabaki na pumzi ya kumalizia. Waliokuwa mbele walichoka, Epicenter na Zandon wakaja kuchuana katika njia ya mwisho, na ndani yao akapenya Rich Strike, aliyeanzia kizimba cha nje kabisa na kukimbia nyuma kabisa sehemu kubwa ya mbio. Alikuwa ameingia orodhani siku moja kabla, baada ya farasi mwingine kuondolewa, na odi yake, yaani bei ya malipo, ilikuwa 80 kwa 1: faida ya 80 kwa kila 1 iliyowekwa. Sikwambii kwamba ungeweza kumchagua. Ninakwambia kwamba kabla ya mbio yoyote uhesabu ni farasi wangapi wanaotaka kuongoza. Akiwa mmoja tu, atajipangia mwendo anavyopenda na kumfikia itakuwa kazi. Wakiwa wanne au watano, wanaovizia nyuma wamepata nafasi. Hilo utalipata kwa kutazama picha, na ndiyo sababu nimekuambia siku za mwanzo wa juma uzitoe huko.

Mwalimu wa Makorora

Kaka wa Chumbageni, mzee ameeleza farasi kwa ufasaha, nami nichukue upande wa bei, kwa kuwa mtu anaweza kumjua farasi vizuri na bado akapoteza fedha kila mwezi.

Katika mfumo wa kapu la pamoja, uliobuniwa Ufaransa na Joseph Oller katika karne ya 19, madau yote hukusanywa, mwendeshaji hukata sehemu yake, na kinachobaki hugawanywa kwa waliomchagua mshindi. Tuseme kapu lina shilingi 1,000,000 na makato ni asilimia 20, basi zinabaki 800,000. Kama shilingi 400,000 ziliwekwa kwa farasi anayependwa, akishinda kila shilingi inarudi shilingi 2. Tazama hapo kwa makini. Umma umempa asilimia 40 ya fedha zake, lakini ili wewe usipate hasara kwa malipo hayo ni lazima awe anashinda mara 50 katika kila 100. Pengo hilo ndilo makato, na maarifa yako yote ya juma zima yana kazi moja ya kwanza, ambayo ni kulivuka pengo hilo kabla hujapata senti ya faida. Farasi aliyewekewa shilingi 50,000 angelipa 16 kwa kila moja, naye anahitaji kushinda kidogo zaidi ya mara 6 katika 100.

Kwa makampuni yanayotoa odi iliyokwisha kupangwa, makato yamefichwa ndani ya odi zenyewe, lakini yanahesabika. Gawa 1 kwa odi ya kila farasi, kisha jumlisha. Mbio za farasi sita ambazo kila mmoja amepewa odi ya 5.0 (shilingi 1 hurudi 5, pamoja na dau) zitakupa asilimia 120, na zile 20 za ziada ndizo zinazokuelemea. Fanya hesabu hiyo kila Ijumaa jioni kwa mbio unazozifikiria, na pale ziada inapokuwa kubwa mno mbio hizo ziache, hata kama unampenda farasi wake.

Sasa mkeka. Tuseme katika kila mbio wastani wa kinachorudi ni shilingi 85 kwa kila 100. Ukiunganisha mbio nne, huzidishi odi peke yake, unazidisha na makato: 0.85 × 0.85 × 0.85 × 0.85 ni takribani 0.52, maana yake kinachorudi kwa wastani ni shilingi 52 kwa kila 100. Jamaa zako wanaiona odi kubwa iliyoandikwa kwenye mkeka, na hiyo ni kweli imeandikwa, lakini kilichokatwa mara nne hakijaandikwa popote. Tena farasi anayependwa kuliko wote, kwa uzoefu wa miaka mingi wa Marekani na Uingereza, hushinda takribani theluthi moja tu ya mbio. Ukiunganisha wanne wa namna hiyo, wote kushinda ni mara moja katika 81. Ushauri wangu ni dau la farasi mmoja mmoja, lisilozidi asilimia 2 ya fedha uliyoitenga kwa msimu, na lisiongezwe eti kwa sababu mbio mbili zilizotangulia zimekwenda vibaya.

Andika katika daftari odi uliyoiona wewe kuwa ya haki kabla hujatazama odi ya kampuni. Ukimwona farasi kuwa wa 5.0 na wanampa 4.0, unamwacha, hata kama unaamini atashinda. Hapo ndipo pagumu kwa mpenzi wa farasi, na ninalisema hili kwa sababu naona katika maandishi yako kwamba unawapenda wanyama hawa kwa dhati.

Wa Barabara ya Nane

Ndugu zangu, naomba niseme jambo ambalo wengi wetu hapa Ngamiani tungelisema ana kwa ana. Kushindanisha farasi kwa zawadi kumeruhusiwa katika dini yetu. Wanachuoni wametaja farasi, ngamia na mishale. Lakini mtazamaji aliye nje kuweka fedha juu ya nani atashinda ni jambo jingine, na aya ya 90 ya Sura ya Al-Maida inakataza kamari waziwazi. Simhukumu mtu. Ninasema ili kijana ajue kwamba uchambuzi wote alioufundishwa na mzee unaweza kuufanya kwa kalamu na daftari bila kuweka dau, na raha ya kuona umeusoma mwendo wa mbio sawasawa haipungui. Kwa asiyefungwa na hili, basi ahakikishe anatumia kampuni yenye leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, na asiye na miaka 18 asiguse.

Mkaazi wa Chumbageni

Shikamoo, mzee. Mwalimu, na kaka wa Barabara ya Nane, nimewasoma zaidi ya mara moja na ninawashukuru kutoka moyoni. Nimekwisha kuamua kwamba mkeka wa kuunganisha sitaugusa, na kwa miezi ya kwanza nitaandika daftarini bila kuweka fedha, nione kama odi zangu zina ukweli wowote. Limebaki moja. Mwezi uliopita farasi aliyependwa aliondolewa asubuhi ya mbio, na rafiki yangu aliyekuwa amemchagua farasi mwingine alishinda lakini akalipwa pungufu ya odi aliyoandikiwa. Kampuni haikumweleza sababu. Je, aliibiwa?

Mzee wa Dunda

Marahaba, mwanangu. Hakuibiwa, ingawa walistahili kumweleza. Farasi mwenye nafasi kubwa akiondolewa baada ya odi kupangwa, waliobaki wote wanakuwa na njia nyepesi kuliko ile iliyokadiriwa, hivyo kanuni za Uingereza huruhusu ushindi upunguzwe kulingana na odi ya aliyeondoka. Aliyeondoka akiwa na odi ya desimali ya 2.0, hukatwa 45 katika kila 100 ya faida. Akiwa hana nafasi yoyote ya maana, hakikatwi kitu. Dau lenyewe haliguswi, ni faida tu.

Basi mwambie rafiki yako achukue karatasi yake ya dau, atafute odi ya mwisho ya yule aliyeondolewa, afanye hesabu upya, na kiasi kisipolingana awaandikie kampuni akiwa na karatasi mkononi. Na wewe katika daftari lako, mbio ambazo farasi wa kuongoza ameondolewa zifute uzianze upya, kwa kuwa mwendo uliokuwa umeukadiria Alhamisi haupo tena.