Wauza hadena wa Mwanza mnatutia hasara! Moldi ya kaboni imetoka na mikunjo

Wakuu, salaam kwa wote. Nina hasira, mnivumilie: hadena, ile dawa ya kugandisha fiba, imeniharibia kazi.

Jana nimefungua moldi (kalibu) ya kufyatulia boneti ya gari ya fiba ya kaboni, kazi ya mteja ambaye kashatanguliza nusu ya pesa. Juu safi, inang'aa hadi unajiona. Ukishuka kwenye mabonde na kona, jelikoti (tabaka la juu la moldi) imejikunja kama ngozi ya mamba. Vitundu viwili vitatu sigombani navyo, hiyo ni hewa tu ya kukoroga. Ila mikunjo ile hapana!

Wajuaji wa "hukupaka waksi" naomba mkae pembeni. Waksi ikipungua moldi inang'ang'ania, haikunjamani. Mikunjo inakuja pale jelikoti haijaiva sawasawa halafu ukalaza mkeka wa fiba na resini (gundi yake) juu yake: stairini, kemikali ya kuyeyusha iliyomo kwenye resini, inapenya, jelikoti inavimba, inajikunja. Inatokea ukipaka nyembamba mno, ukipunja hadena, au hadena yenyewe ikiwa imekufa. Unene nilipima ikiwa bado mbichi, milimita 0.6. Hadena nilipima kwa mzani, gramu 20 kwa kilo. Na mvuke wa stairini, ambao ni mzito na hupenda kutuama kwenye mabonde, niliutoa kwa kusimamisha moldi wima na kufungua milango yote. Sasa kimebaki nini?

Kimebaki kichupa cha maji ya kunywa nilichouziwa mjini kikiwa na hadena ndani, hakina lebo wala tarehe. Nikauliza, kijana wa duka akanijibu, "Ni ileile bosi, mafundi wote wa boti wanachukua hii."

Nikaazima hadena ya jirani yangu hapa Nyakato, chupa aliyoifungua mwenyewe. Jelikoti kutoka kopo lile lile, vikombe viwili, kipimo kimoja. Cha jirani kufika saa sita mchana unagusa, kidole kinatoka kikavu. Cha dukani hadi jua linazama kilikuwa kinanata, ukikwangua na ukucha kinatoka ujiuji.

Hadena ni peroksaidi jamani. Inachoka ikikaa kwenye joto, na tone moja jichoni linaweza kukupofusha. Mnaitia kwenye chupa ya maji! Mtoto akiiona mezani ataachaje kuinywa?

Fiba ya kawaida ningepiga puti, msasa, rangi, mambo yakaisha. Kaboni mteja anataka auone ufumaji wenyewe, na kila kovu la moldi linahamia kwenye boneti. Kwa hiyo nakwangua jelikoti yote naanza upya. Jelikoti, mkeka na resini ni pesa yangu, duka limegoma kurudisha hata mia, eti risiti haionyeshi ni hadena. Wameandika "dawa ya fiba".

Mwenye kuuza hadena iliyofungwa kiwandani, yenye tarehe, hapa Mwanza au hata Musoma, aweke bei hapa hapa, nafuata leo. Na wewe wa "ni ileile bosi", najua humu umo. Jibu.