Uliyewahi kwenda kwa daktari ukihisi una ADHD, tupeane uzoefu

Mama Wawili: Wakuu habari zenu. Mwalimu kaniita tena, mtoto yuko la tatu, akili anayo ila hatulii, anaanza zoezi halimalizi, daftari zinapotea kila wiki. Nyumbani hivyohivyo. Nimesoma kuhusu ADHD, ile hali ya ubongo ya kushindwa kutulia na kuzingatia, nikaona wanamsema yeye, na kusema kweli wananisema na mimi. Sasa mtu unaanzia wapi? Maana ukitaja tu kitengo cha akili watu washakupeleka hospitali ya Mirembe. Waliopitia naomba mseme.

Kobe wa Pwani: Nafuatilia, yangu ni hiyohiyo.

Mzee wa Gombo: Magonjwa ya wazungu haya. Sisi tulichapwa tukatulia.

Binti Korogwe: Shikamoo mzee wangu, ila hamkutulia wote. Mimi nimefika chuo naitwa mzembe, ukurasa mmoja nausoma saa nzima, kazi zote nafanya usiku wa mwisho huku nalia. Zahanati wakanipima malaria na taifodi, nikapewa dawa za usingizi. Baadaye ndo nikapata rufaa kwa daktari wa magonjwa ya akili, kwenye benchi nimejifunika mtandio nisijulikane. Kumbe ADHD haina kipimo cha damu wala picha ya kichwa. Damu alichukua kuangalia kama nina upungufu wa damu au shida ya tezi la shingo, akauliza usingizi, pombe, huzuni, hofu, maana hivyo navyo vinaweza kukuvuruga hivyohivyo. Akasema dalili ziwe zilianza kabla ya miaka 12 na zionekane sehemu zaidi ya moja, sio chuo tu, nani anakujua tangu mdogo? Tukampigia mama, simu ikawekwa spika. Alipoulizwa huyu darasa la pili alikuwaje akakaa kimya, nikadhani salio limeisha, kumbe analia. Akasema daktari, huyu ni baba yake mtupu. Mimi nimekua naambiwa baba alitutoroka! Kumbe alikuwa anafukuzwa kazi kila anapoajiriwa, kwa kusahau na kuchelewa, hadi babu akamwita laana ya ukoo mbele ya watu, akaondoka kwa aibu. Yote hayo nayasikia mbele ya daktari.

Kobe wa Pwani: Dah. Baba yuko wapi sasa?

Chausiku: Pole sana mdogo wangu. Mlimtafuta?

Binti Korogwe: Yupo Kahama, tunaongea. Habari za hospitali bado sijamwambia.

Mzee wa Gombo: Marahaba binti. Ila viboko sio vilivyomfukuza baba yako kazi.

Chausiku: Mzee kwa heshima zote, vilimsaidia nini?

Fundi Redio: Mnazunguka sana, mi mshkaji alinigawia Ritalin zake, dawa za ADHD, nikasoma wiki nzima.

Nesi Tabora: Kaka acha kabisa. Dawa ile inadhibitiwa. Kabla ya kuandikiwa unaulizwa historia ya moyo, wewe na familia, unapimwa presha na mapigo, na mtoto anafuatiliwa uzito na urefu kwa sababu inakata hamu ya kula.

Fundi Redio: Nimesema yangu tu, ukali wa nini?

Nesi Tabora: Kuna mama hapa anauliza kwa ajili ya mtoto wa la tatu, ndo maana.

Mswahili Dubai: Na mnaokuja huku msibebe dawa hizo kimyakimya, omba kibali wizara ya afya ya huku kabla ya safari, uwe na barua ya daktari.

Chausiku: Mama Wawili anza kwa mshauri nasaha, hakuna foleni wala maneno ya watu.

Kobe wa Pwani: Mshauri hawezi kuandika dawa, nenda moja kwa moja kwa daktari. Muhimbili wana idara ya magonjwa ya akili.

Baba Nuru: Kabla ya yote mpime macho na masikio. Wangu alionekana mtukutu, kumbe hasikii.

Mama Wawili: Asanteni jamani. Binti, nibebe nini?

Binti Korogwe: Ripoti zote za shule zenye maoni ya mwalimu, hata za chekechea, na mwalimu akuandikie anachokiona darasani. Na wewe fungua faili lako dada, hii kitu inarithiwa sana, usiende kama msindikizaji.

Mama Wawili: Ripoti za chekechea ninazo. Zangu nitamuuliza bibi yake.