Mnaoiponda Prince of Persia ya 2008, njooni hapa tuongee

Wakuu,

Nimevumilia vya kutosha. Kila ukianzishwa mjadala wa kupanga magemu ya Prince of Persia kuanzia kali hadi bovu, lile la 2008 linatupwa mkiani, na sababu ni hiyohiyo miaka yote: "Gemu gani hilo hufi?" Juzi nimeisoma tena. Jamaa kaandika kwamba ni gemu la watoto, watu wakamgongea laiki kibao. Nikamuuliza aliishia wapi. Kanijibu alicheza dakika 20 akaona upuuzi, akatoa CD. Dakika 20! Hapo hata ule Mti wa Uhai, kiini cha stori nzima, hajauona, na bado anajiona ana haki ya kuhukumu.

Hilo la kufa ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa hiyo naanza nalo.

Ukikosea kuruka ukadondoka kwenye shimo, Elika, yule binti unayetembea naye, anaruka na kukudaka mkono, anakurudisha kwenye ardhi ya mwisho uliyosimama kwa miguu miwili. Ukizidiwa kwenye pambano, adui anapotaka kukumalizia, Elika anamsukuma nyuma, na adui anarudishiwa sehemu ya uhai wake. Basi. Huo ndio "udhaifu" mnaousema tangu Desemba 2008.

Sasa niambieni, kwenye magemu yenu ya kiume mkifa inakuwaje? Skrini inakuwa nyeusi, mnasubiri ipakie, mnarudishwa mlangoni pale mlipopita, mnajaribu tena. Mmepoteza nini zaidi ya kusubiri? Kwenye hili la 2008, ukiwa umeshakimbia ukutani, ukaserereka na ile glovu ya chuma, ukashika pete, ukatembea darini, ukaruka nguzo ya nane na ukakosea ya tisa, unarudi mwanzo wa mnyororo mzima. Zote nane unazianza upya. Adhabu ipo palepale. Kilichoondolewa ni kule kusubiri tu.

Na wanaosema "Prince wa kweli alikuwa anakufa" hawalijui hata lile gemu la kwanza. Jordan Mechner alilitoa 1989 kwenye kompyuta ya Apple II, baada ya kumpiga video mdogo wake akikimbia na kuruka, kisha akachora mienendo ile picha kwa picha. Kwenye gemu lile unakufa, ndiyo, unachomwa na miiba, unakatwa na yale mataya ya chuma, lakini unarudi mara zote unazotaka. Kinachokumaliza ni saa. Una dakika 60 za kumwokoa binti mfalme, na saa haisimami. Yaani tangu siku ya kwanza uhai wa Prince haukuwa na idadi! Ikaja The Sands of Time mwaka 2003, gemu ambalo wote mnalisujudia, na mimi nalipenda sana, ukidondoka unarudisha muda nyuma kwa jambia. Mchanga ukikuishia ukafa, Prince mwenyewe anasema hapana, mambo hayakuwa hivyo, unaanza tena. Mbona hilo hamkuliita la watoto? Jambia likikuokoa ni ubunifu, mwanamke akikuokoa ni aibu? Nauliza kwa dhati, maana sioni tofauti nyingine.

Halafu kwa wanaodai halina changamoto: kuna trofi ya kumaliza gemu zima Elika akiwa amekuokoa chini ya mara 100. Gemu lenyewe linahesabu kila anapokudaka. Wangapi humu mnayo?

Mimi nililichezea kwenye kibanda cha gemu Tanga, mwaka 2010. Kibanda kilikuwa na PS2 nne za kupigia Winning, lile gemu la mpira, na PS3 moja pembeni ambayo mwenye kibanda alikuwa akiifunika kitambaa usiku. Dakika 30 shilingi 500. Wakuu, ukiwa unalipia dakika, unajua thamani ya gemu lisilokupotezea muda. Nilikuwa nakaa na shilingi 500 ya chai ya shule mkononi, naingia, nacheza, kila sekunde ni yangu. Wenzangu waliokuwa kwenye magemu mengine walikuwa wanatumia robo ya hela yao kuangalia skrini ikipakia. Siku moja nimefika nikakuta mtu kafuta sevu yangu, mbegu za nuru, zile unazokusanya njiani, zaidi ya 400 zimekwenda. Nilikwenda kukaa kwenye ngazi za msikiti wa jirani nikashindwa hata kuongea. Kesho yake nikaanza upya. Hakuna mtu anayeanza upya gemu bovu kwa hela ya chai.

Na nililianza upya kwa sababu ya Elika.

Nyinyi mliozoea wasindikizaji wanaoziba njia, wanaogoma mlangoni, wanaouawa ovyo ukaambiwa umeshindwa, mlipata mwenzio ambaye hakuzuii hata mara moja, na hamkumwona. Muangalieni anavyotembea. Mkiwa juu ya mti mwembamba na wewe ukageuka kurudi, wanashikana na kuzungushana ili kupishana, bila kusimama. Ukipanda mizabibu ukutani anakuja mgongoni kwako. Kwenye pambano unambonyeza kama unavyobonyeza upanga, anaingia, anapiga, anakurudishia zamu. Na kuna kitufe kimoja ambacho nina hakika wengi wenu hamjawahi kukigusa: cha kuongea naye. Ukikibonyeza wanasimama na kuzungumza, kuhusu watu wake Waahura walivyotawanyika na kupungua, kuhusu baba yake, kuhusu punda wa Prince aliyepotea kwenye dhoruba ya mchanga akiwa na mzigo wa dhahabu. Punda huyo anaitwa Farah. Waliocheza lile la 2003 wanajua Farah ni nani. Usipobonyeza, unakimbia gemu zima na mtu usiyemjua halafu unakuja kulalamika kwamba stori ni nyepesi. Stori umeiacha wewe, imekaa kimya kwenye kitufe.

Kwa ambao hawajafika mwisho, ishieni hapa, rukeni aya tatu zinazofuata.

Mwanzoni mfalme, baba yake Elika, anaukata Mti wa Uhai kwa upanga na kumwachia Ahriman, mungu wa giza aliyefungwa hekaluni. Huelewi kwa nini mtu afanye hivyo. Baadaye ndiyo unajua: Elika alikuwa amekufa. Baba akapatana na Ahriman ili arudishiwe binti yake, na bei ilikuwa dunia. Katikati unakutana na wanne waliojiuza kwa Ahriman, Mwindaji, Mtaalamu wa kemia ya kale, Suria na Shujaa wa vita, na kila mmoja ana sababu ambayo ukiisikiliza inauma. Huyo Shujaa alikuwa mfalme aliyetafuta nguvu ili awaokoe watu wake vitani. Akazipata, akageuka zimwi, watu walewale wakamkimbia.

Mnaponya ardhi zote. Kila mkiponya, ule weusi unaoning'inia kama lami unapasuka, nyasi zinatoka, maji yanatembea, vipepeo. Mnamfunga Ahriman. Na ili afungike, Elika anautoa uhai ule alioazimwa. Anakufa tena. Unambeba mikononi kutoka hekaluni, majina ya waliotengeneza gemu yanapita kwenye skrini, na pale kibandani jamaa aliyekuwa anasubiri zamu akaniambia, "Limeisha hilo, nipe pedi." Nikanyoosha mkono kumpa. Kisha nikaona Prince bado anaitikia vidole vyangu.

Hapo hakuna video ya kuangalia. Ni wewe unatembea. Unaona miti minne imesimama na nuru yake, na hakuna mtu anayekwambia ufanye nini, ila unajua. Unaikata mmoja mmoja. Unaingia hekaluni unaukata Mti wa Uhai, kama mfalme alivyoukata mwanzoni, tendo lilelile ulilolilaani saa kumi zilizopita. Unampelekea nuru. Anafumbua macho na anauliza kwa nini. Yule jamaa wa zamu alikuwa amesimama nyuma yangu, hajadai tena pedi. Sasa nyie mnaosema "hufi" nijibuni: bila ule mkono uliokudaka mara mia mbili njiani, ungeikata ile miti? Ningekuwa nimekufa na kupakia upya gemu zima, Elika angekuwa mapambo tu, ningezima runinga na kwenda zangu. Nimeikata kwa sababu ananidai deni. Kutokufa ndiko kumejenga mwisho ule. Ukikuondoa, umeibomoa stori yote.

Nina mapungufu ya gemu hili na nitayataja mwenyewe kabla hamjaniletea. Mabosi, wale maadui wakubwa, wanajirudia, unapigana na Mwindaji yuleyule tena na tena mpaka unakariri. Kukusanya mbegu za nuru kunachosha ukifika mbele, ziko 1001, na zinazolazimu ni 540 ili Elika apate nguvu zote nne za Ormazd, mungu wa nuru. Kupigana na adui mmoja mmoja kuna watu hakuwapendezi, nawaelewa. Haya ni malalamiko ya mtu aliyecheza. Nayaheshimu. Lakini si haya mnayoyaleta. Mnaleta "hufi" na "halina damu", kwa sababu mlitaka Warrior Within nyingine. Warrior Within ya 2004 ni kali, nimekimbizwa na lile zimwi Dahaka mpaka jasho, lakini haikuwa lazima Prince akunje uso milele ndipo awe mwanaume.

Tena sisi watu wa pwani ndio tungepaswa kulielewa zaidi. Ahriman na Ormazd si majina ya kubuni ya watengenezaji wa gemu kule Montreal, ni majina ya imani ya Wazoroasta, dini ya kale ya Uajemi, wema na uovu wakishindana juu ya dunia hii hii. Makunduchi kila Julai watu wanapigana kwa migomba na kuchoma kibanda kwenye Mwaka Kogwa, na huo mwaka ni Nairuzi, mwaka mpya wa Waajemi. Tunasema bandari, tunasema rangi, tunasema bustani, maneno ya hukohuko. Mara ya kwanza niliposikia jina Ormazd pale kibandani sikujua ni nani, nikaenda kumuuliza mjomba wangu, akanisimulia habari za Waparsi wa Unguja na moto wao usiozimwa. Gemu lililonifanya nikae chini na mjomba wangu jioni nzima mnaniambia la watoto!

Na hasira nyingine ni kwa Ubisoft, kampuni iliyotengeneza gemu hili, na hii sitaificha. Walitengeneza dunia nzuri kiasi kile, michoro kama ya rangi za maji, juu ya injini ileile iliyobeba Assassin's Creed, ambayo yenyewe ilianza ikiwa mradi wa Prince of Persia kabla ya kujitenga na kutoka 2007. Kisha mwaka 2009 wakauza kipande cha nyongeza, Epilogue, kwa wenye PS3 na Xbox 360 tu. Sisi wa kompyuta tukanyimwa. Hadi leo. Nililinunua upya la kompyuta nilipopata mshahara wangu wa kwanza, diski halisi na boksi lake, na mwendelezo wa stori niliyoilipia ikabidi niutazame mtu mwingine akiucheza, kwenye video, kwa bando la mkopo. Mwaka 2010, mwaka uliotoka ile filamu ya Prince of Persia, wakaleta The Forgotten Sands na kumrudisha Prince wa zamani, kana kwamba huyu wa pili hajazaliwa. The Lost Crown ya 2024 nimeicheza, ni gemu zuri mno, na lenyewe lina shujaa wake, Sargon. Kwa hiyo hata nafasi hiyo imepita.

Mnajua Epilogue inaishaje? Elika hakumsamehe. Amekasirika tangu mwanzo hadi mwisho, anamdaka kila anapodondoka hivyo hivyo na hasira zake, kisha wanapotoka nje anamwacha na kwenda kuwatafuta Waahura waliobaki. Prince amesimama peke yake, Ahriman yuko huru, na tangu 2009 hakuna aliyeandika mstari mmoja zaidi.