Mpiga sanduku wetu hasikiki kwenye rekodi hata moja

Mkwasa wa Ng'ambo

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Kikundi chetu cha kidumbak, ile taarab ya kuchezwa maharusini, hapa Ng'ambo mjini Unguja kimefiwa. Mpiga sanduku wetu, ambaye wakubwa kwa wadogo tulimwita ami, ametangulia mbele ya haki, wiki ya tatu hii. Hitma imesomwa, na watoto wake wameridhia tukae usiku mmoja baada ya arobaini tumkumbuke kwa lile alilolipenda. Mimi nimepewa dakika tano za kumzungumzia, na nimekwama.

Mwimbaji ni mwepesi kumzungumzia. Siti binti Saad alikwenda Bombay 1928 akatia sauti yake kwenye santuri, na leo ukitaka kumjua unaweka unasikiliza. Bi Kidude alipofariki Aprili 2013 hapakuwa na haja ya kueleza ni nani. Ami hakuimba hata ubeti mmoja mbele ya watu. Alikuwa na sanduku la mbao lililofudikizwa, fimbo, na mshipi mnene wa kuvulia, ndiyo besi yetu. Basi. Mguu mmoja juu ya sanduku, mkono mmoja unavuta fimbo kukaza au kulegeza, mwengine unadonoa.

Na mnaokijua kidumbak mnajua hakina pumziko. Nyimbo za taarab zinaungwa moja kwa nyengine hata saa nzima, wanawake wako uwanjani, nani atathubutu kukata? Mwenye fidla atashusha upinde afute jasho. Mwimbaji atapokewa na waitikiaji. Mwenye sanduku hana wa kumpokea. Miaka yote ile alikatisha mara moja tu, kwenye harusi ya mpwa wangu, na mie nilimsema mbele ya watu. Hakunijibu.

Kisha kuna upande mwengine ambao sijui hata niuite nini. Hakuwa katibu, hakuwa mshika fedha. Lakini tukifika tunakuta mikeka imetandikwa, moto wa makuti umeshawashwa ngozi za vidumbak, zile ngoma zetu ndogo, ziotwe zikaze. Waya za spika alizikunja kwa namna yake, na ukizikunja vyengine alingoja ugeuke, akazifungua akaanza upya. Harusi ya mtu asiye na uwezo, yeye ndiye wa kwanza kusema twendeni. Vijana watatu tulio nao leo wamejifunzia mlangoni kwake, bila ya malipo, tena kwa matusi.

Sasa nimekusanya rekodi zote za simu tulizonazo, kumi na moja, nichague moja ya kupigwa usiku huo. Nimezisikiliza zote. Fidla inasikika, cherewa, yaani manyanga, zinasikika, vijiti vyangu vya mkwasa ndio usiseme, hata kuna mtoto analia. Ami hasikiki. Nisimame niseme nini, kwamba naapa alikuwepo?

Shoga wa Mwembetanga

Pole sana kaka, Mola amrehemu.

Kama ni yule ninayemdhania, nakuomba kitu kimoja: usije ukasimama ukasema alikuwa mpole asiyelalamika. Yule mzee alikuwa akinung'unika kuanzia kuteremsha vyombo mpaka kuvipakia! Harusini kwetu mvua ilitushukia, akavua koti akavifunika vidumbak, akabaki na singlendi anatugombeza sote kwa nini hatukutizama mawingu. Bwana harusi naye kagombezwa. Mama yangu mpaka leo anacheka akikumbuka. Lile la waya ulilolieleza hapo juu lisimulie kama lilivyo, watu watamuona.

Fundi Mitambo

Ndugu yangu, hizo rekodi umezisikilizia wapi? Kama ni kwenye spika ya simu yenyewe, hutamsikia mpaka kiyama. Spika ile ni ndogo mno, haina nguvu ya kusukuma hewa ya sauti nzito. Fidla na cherewa ni sauti za juu, hizo zinapita. Besi inabaki ndani ya faili.

Kwa hiyo usiseme hayumo. Zitafute rekodi kwa wenye simu zilizorekodia, sio zile zilizotumwatumwa zikabanwa njiani. Zipeleke kwenye spika kubwa, punguza sauti kali, ongeza nzito kidogo kidogo. Simu nyengine huchuja sauti nzito tangu wakati wa kurekodi, hizo zitakuwa zimepotea kweli. Lakini kumi na moja zote? Siamini.

Babu wa Ganuni

Wa alaykum salaam. Poleni.

Mimi ni wa taarab ya kukaa vitini, na sitaficha kwamba zamani tulikidharau kidumbak. Klabu kubwa, kama Ikhwani Safaa ya tangu 1905 au Mila na Utamaduni ya tangu 1958, zina majina yanayojulikana hata ng'ambo ya bahari. Lakini nikitizama picha zetu za zamani nawaona wapigaji tumejipanga na kanzu zetu, na sioni hata mmoja wa wale waliokuwa wakipanga viti. Wakati wa picha walikuwa wanapanga viti.

Nasaha yangu ni moja. Nasikia vikundi vyengine humuweka mtu apige chombo cha marehemu usiku huohuo. Waulizeni wanawe kwanza. Kuna mtoto atafurahi, kuna mwengine ataondoka.

Mkwasa wa Ng'ambo

Ahsanteni. Wanawe nimewauliza: binti mkubwa amesema sanduku lipigwe, ila fimbo abaki nayo yeye. Tutachonga nyengine.

Fundi, Mungu akubariki. Jana nilikwenda kwa jirani mwenye spika za shughuli. Rekodi nne hazina kitu, ni mvumo tu. Saba yumo. Nilikaa sakafuni.

Ile ya harusi ya mpwa wangu imo katika hizo saba. Nilikuwa nimeshaisikia mara nyingi kwenye simu, na katikati pana mkwaruzo na mwanamke mzima anasema "ahsante mwanangu". Sikuwahi kuutia maanani. Sasa kwenye spika kubwa, sanduku linakwenda, linakwenda, ghafla kimya. Fidla inaendelea peke yake. Kiti kinaburutwa. "Ahsante mwanangu." Kisha sanduku linaingia tena, palepale panapotakiwa, kama halikutoka.

Ndiyo ile siku niliyomsema.

Nitaipiga hiyo. Dakika zitakazobaki nitajua huko huko.